Benchi Nje ya Darasa la Tano

Benchi lilikuwa la watoto wa darasa la kwanza, na mama aliyelikalia alikuwa mtu mzima mwenye magoti yake. Akiketi, magoti yalimkaribia kidevu. Akiinuka, lazima ashike ukuta. Tangu siku ya kwanza mwalimu mkuu alisema kiti cha maana kinatafutwa. Sasa muhula ulikuwa ukingoni na kiti bado kilikuwa kinatafutwa.

Alikaa hapo chini ya dirisha la darasa la tano, kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya kuondoka, kwa sababu binti yake alikuwa na pumu. Ndivyo mwalimu mkuu alivyoamua siku mtoto alipobanwa kifua kwenye paredi na kuanguka mbele ya shule nzima. "Ama ukae hapa naye, mama, ama akae nyumbani nawe," alimwambia. "Mtoto wa mtu hanifii mimi mikononi." Akampa na sharti: mtoto akimaliza muhula mzima bila kubanwa, mama atakwenda zake kazini kama watu wengine. Akibanwa hata mara moja, benchi linamngoja muhula unaofuata.

Kazi yake ilikuwa kumalizia nguo za fundi cherehani wa jirani: mapindo, vifungo, vishikizo. Fundi alimruhusu kubeba kazi na kwenda nayo shuleni kwa muda, na siku hizi alikuwa akiutaja huo muda kila jioni. Kwa hiyo mama alishona mapajani, sindano mkononi, sikio dirishani. Kando yake kiliwekwa kipochi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na pampu ndogo ya bluu, dawa ya kuvuta, pamoja na chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa kwenye kitako. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyewafundisha: chomeka pampu kwenye tundu la kitako, mtoto aweke mdomo wa chupa mdomoni, bonyeza, avute polepole. Ilifanya kazi vizuri sana ile chupa. Ila kuitazama, ni takataka iliyookotwa njiani, na mtoto aliichukia kuliko ugonjwa wenyewe.

Walimu walipogundua kwamba mama wa benchini anajua sindano, hakupumzika tena. "Mama, samahani, kifungo tu." "Mama, hii zipu inanidhalilisha mbele ya watoto." Mmoja alimletea mapazia ya nyumbani kwake, akasema hana haraka nayo, akarudi kuyaulizia kesho yake. Wengine walimwachia darasa. "Niangalizie hawa, nakuja sasa hivi," halafu huyo sasa hivi anakunywa chai mpaka kengele. Wanafunzi wakampa jina, Mama Benchi, na walilitamka bila ubaya, kama wanavyotaja bomba au lango.

Binti yake ndiye ambaye hakulitamka. Nyumbani aliitwa Chiriku, kwa sababu tangu alipojua maneno mawili hakuwahi kunyamaza. Lakini saa ya mapumziko alipita mbele ya benchi akiwa katikati ya wenzake, macho yakitazama bendera, mawingu, popote pale, mradi yasigongane na ya mama yake.

"We, huoni watu?" mama alimuuliza siku moja.

"Shikamoo," Chiriku akaiambia ardhi, akapita.

*

Baba yake Chiriku alikuwa fundi rangi. Kila jioni kabla hajavuka kizingiti alivua nguo za kazi nyuma ya nyumba, akazifunga kwenye mfuko, akaoga kwa ndoo nje, akaingia na kanga ya mkewe kiunoni. Harufu ya rangi ilimbana mtoto, basi sheria ikawa hiyo. Majirani walishazoea kumwona mzee mzima na kanga yenye maua, na walishamaliza vichekesho vyote.

"Wiki moja tu imebaki," mama alimwambia jioni hiyo, akimpa shati safi. "Wiki moja! Muhula mzima hajabanwa. Niliwaambia mimi. Mlisema vumbi, mlisema baridi, mlisema paka wa jirani. Mtoto alihitaji kuangaliwa tu na mtu anayejua kuangalia."

"Alhamdulillahi," baba akasema. Akafunga vifungo vya shati, kimoja kimoja. "Lakini mbona siku hizi hasemi?"

"Nani hasemi?"

"Huyu. Nimekuja, nimemwita, kanijibu 'ndiyo baba' basi. Yule wa zamani angeshanieleza nani kapigwa, nani kafaulu, mwalimu kavaa nini."

"Anakua, Baba Chiriku. Wasichana wakikua wanatulia. Au ulitaka apige kelele mpaka kwa mumewe?"

"Sijui. Nauliza tu."

"Mimi nakaa naye mchana kutwa. Wewe unamwona akishakula. Pumzi ya mtoto huyu naijua kuliko yangu."

Katika nyumba hiyo mambo ya kifua yalikuwa na mkubwa wake, na mkubwa alikuwa mama. Yeye ndiye aliyeamka kusikiliza, ndiye aliyejua dawa ipi kabla ya ipi, ndiye aliyetazamwa na watu kwa jicho la lawama mtoto alipokohoa hadharani. Miaka ilikuwa imepita tangu acheke kicheko kirefu bila kukikatiza katikati ili asikilize chumba cha pili. Aliyekuwa amechoka hivyo hana budi kuamini habari njema ikimjia, hata kama haijakaa sawasawa.

Chiriku alikuwa nyuma ya pazia, daftari la hesabu miguuni, akisikia kila neno. Alisubiri mama yake atoke kwenda uani, akauzika uso kwenye mto, akakohoa humo mpaka machozi yakamtoka.

*

Ukweli ni kwamba Chiriku alibanwa mara nyingi muhula huo, na hakuna aliyejua. Sharti la mwalimu mkuu alilisikia kwa masikio yake mwenyewe, na alilielewa kama mtoto anavyoelewa: nikionekana mzima, mama ataondoka pale. Basi akajifunza kuonekana mzima. Aliacha kukimbia, akasema viatu vinambana. Aliacha kuimba. Aliacha kucheka, maana kicheko ndicho kilichomfungulia kikohozi, na alipoacha kucheka marafiki wakapungua wenyewe. Aliacha hata kusimulia, kwa sababu hadithi ndefu inataka pumzi, na pumzi yake alikuwa akiitumia kwa uchoyo.

Kifua kikianza kupiga filimbi alinyoosha mkono kuomba ruhusa ya msalani. Nyuma ya stoo ya madawati mabovu palikuwa na ukuta wenye ubaridi. Aliegemea hapo, mikono magotini, akipuliza kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayepoza chai, mpaka lile kamba la kifuani lilegee. Pampu ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, ndani ya kipochi, kando ya mama yake. Kuifuata maana yake ni kutoka darasani na kusimama mbele ya dirisha, darasa zima likimtazama akinyonya chupa, mama akimpapasa mgongo na kusema kwa sauti kubwa, "Vuta, mwanangu, vuta, usiogope." Chiriku aliona heri ukuta.

Ni ujinga, bila shaka, na wa hatari. Lakini wakubwa walikaa ofisini wakapanga mambo ya kifua chake, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia akamuuliza yeye anaonaje.

*

Siku moja kabla ya kufunga shule walikuja wageni, wakaguzi kutoka ofisi ya elimu. Shule iliamshwa kama nyumba iliyopata habari za mkwe. Watoto walifagia uwanja, madarasa, hata pembe ambazo ufagio haukuwahi kufika. Walifagia pakavu, mbiombio, wakagonganisha vifutio vya ubao dirishani mpaka chaki ikawa ukungu.

"Mwagieni maji kwanza!" mama alipiga kelele kutoka benchini, shungi puani. "Mwalimu, wanafagia pakavu!"

Mwalimu wa darasa la tano, kijana mwenye adabu na woga kwa kipimo kimoja, alimtazama kwa kumwomba radhi. "Najua, mama. Lakini wageni wako getini."

Hapo hapo akatokea mwalimu mkuu, amevaa viatu vya siku kubwa.

"Mama, naomba unisaidie jikoni leo. Chai ya wageni."

"Jikoni? Na huyu?"

"Ni kidogo tu. Kisha, niseme ukweli, wageni wakikuona hapo wataanza maswali. Mzazi anakaa nje ya darasa kwa nini, ana kazi gani. Unaona?"

"Mwalimu, wewe ndiye uliyeniweka hapa."

"Si umesema amepona? Umeniambia mwenyewe juzi, pale pale ulipo."

Alikuwa amesema, tena kwa majivuno. Kipochi alikiacha juu ya suruali za fundi ili kila mtu ajue kwamba benchi lina mwenyewe, akashika ukuta, akainuka, akaenda kuosha vikombe. Muhula mzima alikaa hapo akingoja saa moja maalumu, na saa hiyo ilipokuja yeye alikuwa ameinamia beseni la povu.

Darasani wageni waliingia, watoto wakasimama, wakasalimu kwa mpigo mmoja, wakaketi. Vumbi lilikuwa bado linacheza kwenye mwanga. Chiriku alihisi kifua kinafunga upande mmoja, kisha wa pili. Akanyoosha mkono. Mwalimu wa darasa, macho kwa wageni, alimfanyia ishara ya chini chini: shusha. Akashusha. Akanyoosha tena. Shusha, bwana! Chiriku alishusha mabega, alipuliza, alifanya yote aliyoyafanya ukutani, na safari hii kamba halikulegea. Shingo ilianza kuingia ndani kila alipovuta. Akainuka bila ruhusa, akatoka, na mwalimu akabaki na chaki hewani na tabasamu lisilo na pa kwenda.

Alitaka kwenda nyuma ya stoo, lakini njiani walisimama mwalimu mkuu na mgeni mwanamke mwenye faili, wakitazama bustani. Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze Chiriku alimtaka mama yake, na benchi lilikuwa tupu.

Akaketi. Zipu ya kipochi ilimshinda, akaivuta kwa meno. Pampu aliichomeka vibaya, ikaanguka, akaiokota, akaitikisa, akachomeka tena. Akaweka chupa mdomoni, mbele ya dirisha lililojaa vichwa vya wenzake, mbele ya mwalimu mkuu na mgeni wake, akabonyeza, akavuta.

Mama alitoka jikoni na sinia la vikombe, akaona. Hakuliangusha lile sinia. Alilitua chini taratibu, kwenye kivuli, vikombe vyote salama, ndipo akakimbia. Hilo la kulitua ndilo lililomchoma usiku na mchana baadaye: kwamba mwanawe anakata pumzi na yeye bado aliogopa vikombe vya watu.

"Mwanangu! Lete! Lete nikushikie!"

Chiriku alimnyooshea kiganja. Hakuacha chupa, hakuongea, alimwekea tu kiganja mbele, kama askari wa barabarani. Ngoja. Akabonyeza tena, akavuta, akashikilia pumzi, akatoa. Mama alisimama hapo hapo, mikono ina povu, hana la kufanya. Kazi aliyoijua kuliko kazi zote duniani ilikuwa inafanywa mbele yake, na inafanywa sawasawa, na yeye hatakiwi.

*

Pumzi ilirudi pole pole. Midomo ikapata rangi. Na pumzi ya mtoto iliporudi, hasira ya mama ilikuja nayo, maana hofu ikikosa pa kukaa huhamia hapo.

"Tangu lini?" aliuliza.

Chiriku akachomoa pampu kwenye chupa.

"Nakuuliza, tangu lini unajua kujifanyia mwenyewe? Tangu lini unabanwa unanificha? Hii siyo ya kwanza. Niangalie! Siyo ya kwanza, siyo?"

"Siyo."

"Ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Nyingi! Na mimi nimekaa hapa! Magoti yamekufa, fundi ananitolea maneno, baba yako anaoga nje kama mgeni, mimi nakaa hapa kama kigingi, halafu wewe unakwenda kujifichia pumzi? Ukifa je? Ungekufa, ningewaambia nini watu? Kwamba nilikuwa nashona pazia la mwalimu?"

"Nilitaka uende nyumbani!" Sauti ya Chiriku ilipasuka. "Nilitaka muhula uishe uende! Kila nikipumua unaniangalia. Nikikohoa unaniangalia, nisipokohoa unaniangalia. Nikicheka unaniangalia kifuani. Huniangalii usoni, mama, unaniangalia hapa." Akajipiga kifua kwa ngumi.

"Nikuangalie wapi, na hapo ndipo unapofia? Unadhani napenda? Nimechoka! Nimechoka na wewe, Chiriku, nimechoka!"

Lilikuwa limeshatoka. Darasa la tano lote lililisikia, na la nne pia. Mama aliziba mdomo kwa mkono wenye povu, lakini neno halina zipu.

Mgeni mwenye faili alikuwa ameshasogea. "Samahani," alimwambia mwalimu mkuu. "Huyu mama ni nani hapa shuleni?"

"Ni mzazi," mwalimu mkuu akajibu haraka. "Anatusaidia. Jikoni."

"Jikoni!" Mama aligeuka, na yote ambayo asingethubutu kuyasema siku nyingine yalikuta njia iko wazi. "Mama mgeni, mimi siyo wa jikoni. Niliambiwa nikae hapa nimlinde mtoto, ama afukuzwe shule. Nimekaa. Nimeshona vifungo vyenu, nimelinda madarasa yenu, nimeitwa Mama Benchi na nimeitika. Leo kafagiliwa vumbi lote la dunia, na mimi nikaondolewa nikaoshe vikombe ili wewe usinione. Basi nione. Mtoto amejiokoa mwenyewe. Sasa mniambie, mimi nilikuwa nafanya nini hapa?"

"Ilikuwa ni kwa usalama wake," mwalimu mkuu akasema, na kwa kweli alimaanisha. Na yeye alikuwa na usiku wake wa kuiota ile paredi. Ila hakuwahi kumwambia mtu, na sharti ni rahisi kulitamka kuliko hofu.

Aliyeokoa jambo ni mwalimu wa darasa. Alitoka na chaki yake mkononi, macho chini kwa aibu. "Mimi ndiye niliyemshushia mkono. Mara mbili." Akamgeukia Chiriku badala ya wakubwa. "Nifundishe hiyo chupa. Muda wote huu ningeweza kuuliza, nilikuwa naogopa tu nisije nikakosea."

Chiriku alimtazama mama yake kuomba ruhusa. Mama, ambaye dakika ile hakuwa na nguvu ya kukataa wala kukubali, alitikisa kichwa kwa upande ambao mtoto aliuchukulia kuwa ni ndiyo.

"Unaitikisa kwanza," Chiriku akamwambia mwalimu. "Halafu usibonyeze haraka haraka. Watu wakiogopa wanabonyeza haraka haraka."

*

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mama alibeba nguo za fundi kichwani, Chiriku alibeba mabegi yake na kipochi. Wageni walikuwa wametaka pampu ikae na mtoto mwenyewe na walimu wote wafundishwe. Mwalimu mkuu aliitikia kila kitu kwa "bila shaka". Mama alipaswa kufurahi. Badala yake alijiona kama mtu aliyefukuzwa kazi aliyoichukia.

Kwenye kona ya kiwanda cha matofali alisimama. "Lile neno nililosema."

"Neno gani?"

"Usijitie hamnazo. Unalijua."

"Kwamba umenichoka?"

"Nisamehe, mwanangu. Siyo wewe niliyekuchoka. Ni huo ugonjwa. Mtu akikasirika..."

"Si neno, mama," Chiriku akasema, bila kinyongo, kama anayemtuliza mtu mdogo kuliko yeye. "Mimi mwenyewe huwa najichoka."

Mama alitua mzigo. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa kununiwa, hata kwa jeuri. Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Mtoto alikuwa amekwisha kujichoka kabla hajafika darasa la sita, na safari hii mama hakujaribu kulifunika hilo kwa ushauri. Aliketi tu juu ya mzigo wa suruali za watu, akamvuta, akamweka ubavuni, wakakaa hapo wapita njia wakiwazunguka.

"Unajichoka sana?" mama aliuliza.

"Siku nyingine. Siyo zote."

"Ukijichoka uniambie. Nami nikichoka nitakwambia. Lakini siyo kwa kupiga kelele."

"Utapiga tu, mama."

"Haya, nitapiga. Lakini utaniambia?"

"Nitakwambia."

Mama alimtazama usoni aliposema hivyo. Ilimgharimu. Macho yake yalikuwa na mazoea ya kushuka kifuani, kuhesabu, na aliyazuia kwa nguvu kama mtu anayezuia chafya. Aliona mwanawe ameota chunusi kipajini. Hakujua zimeanza lini.

*

Kesho yake, siku ya mwisho ya muhula, Chiriku alikwenda shule peke yake. Mama alimsindikiza kwa maagizo mpaka njia panda. Ukisikia filimbi usisubiri. Ikirudia mwambie mwalimu. Isipotulia waniite, usione haya. Chiriku aliyarudia yote neno kwa neno, hata kabla hayajamalizika kutamkwa, kisha akasema, "Mama, nimechelewa," akaenda.

Mama akaenda kwa fundi. Alipewa kiti, kiti cha kweli chenye mgongo, na magoti yake yalishangaa. Fundi, ambaye maneno yake ya jioni yalikuwa mengi kuliko ubaya wake, alimsukumia rundo la suruali za sare na kurudi kwenye cherehani. Mama akashona. Kila mtoto aliyekohoa barabarani alimwinua nusu kiti. Kila simu iliyolia kibandani, hata ya mteja, ilimfanya aweke sindano chini. Saa za shule, ambazo benchini zilimchosha kwa urefu wake, hapa ziligoma kabisa kusogea.

"Mama Chiriku," fundi akaita, ameinua suruali dhidi ya mwanga. "Hii ya nani?"

"Si ya yule mtoto wa darasa la tatu?"

"Ana mguu mmoja?"

Mama akaitazama. Alikuwa ameshona mapindo yote mawili pamoja, mguu wa kulia na wa kushoto, mishono midogo midogo ya kupendeza, imara, ya kudumu miaka. Akacheka. Alicheka kicheko kirefu ambacho katikati yake kiligeuka kikawa kilio, na fundi akajitia kuwa ana jambo la haraka na mafuta ya cherehani. Kisha akapangusa uso, akachukua wembe, akaanza kufumua.

Alikuwa bado anafumua Chiriku alipoingia, shati nje, magoti yana vumbi, kipochi shingoni kikining'inia kama kengele ya mbuzi. Mama akainuka. Alitaka kuuliza yote kwa pamoja. Aliyameza, akamtazama usoni. Uso ulikuwa umenuna.

"Mbona hukuja kunichukua?" Chiriku akafoka.

"Nini?"

"Nimekungoja getini mpaka wote wakaondoka. Kila mtu kaja mama yake, siku ya kufunga shule, mimi nimebaki na mlinzi!"

"Wewe! Si ulisema hutaki nionekane?"

"Nilisema usikae! Sikusema usije kunichukua!"

"Sasa mimi nitajuaje? Nikikaa kosa, nisipokuja kosa! Mtoto gani wewe? Fundi, unamsikia huyu? Unamsikia?"

"Namsikia," fundi alisema kutoka chini ya cherehani.

"Na nimevuta mara moja tu, saa ya hesabu," Chiriku akaendelea, bado amefura, "na nikasema mwenyewe, na mwalimu akasema haya, basi. Muhula ujao uje kunichukua."

"Nitakuja."

"Lakini usiingie getini. Usimame ng'ambo ya barabara."

"Ng'ambo. Sawa."

"Karibu na duka. Usiniite. Mimi nitakuona."

"Na wewe ukiniona utanisalimu, au utatazama mawingu?"

Chiriku alifikiri kwa dhati, kama anayepewa hesabu ngumu.

"Nitavuka," alisema.

Mama akamshika mkono akampa wembe na suruali ile ya mguu mmoja. "Haya, kaa hapa unisaidie kufumua. Nimekuwa na wasiwasi wako tangu asubuhi, tazama nilichofanya."